Upande wa Makarai Matupu

Nianze na mikono, maana siku ile jina langu lilikuwa halinikai vizuri.

Mikono miwili inainua karai la zege kutoka chini. Mikono mingine miwili inalipokea kwa juu. Hapo katikati kuna muda mdogo sana, mfupi kuliko kupepesa jicho, ambapo mikono yote minne imo kwenye karai moja. Wa chini hajaachia, wa juu hajabeba. Uzito wakati huo ni wa nani? Nimejiuliza hivyo nikiwa na mimba, nimejiuliza nikifua nepi, nimejiuliza nikiwa nimelala na mtoto kifuani nisijue kama ni mimi ninayemlaza au yeye anayenilaza. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alichora mstari ubaoni akasema, mstari ni nukta nyingi zilizokaa karibu karibu. Nikanyoosha kidole. Nukta hizo zinashikwa na nini zisiachane? Akatazama saa, akasema tumalize kwanza zoezi la tano. Simlaumu. Zoezi la tano lilikuwa gumu kweli.

Basi jibu nililipata kazini, na nitalieleza bila kunong'ona, kwa sababu mikono yangu ilikuwepo.

Mji wetu ni jengo moja linalopanda. Hauna jina, kwa kuwa kwetu kitu hakipewi jina kabla hakijaezekwa, na sisi bado tunajenga. Sakafu moja ni siku moja. Tunamwaga zege juu ya vichwa vyetu, likikamilika tunapanda, tunasimama juu yake, na hiyo ndiyo kesho. Hakuna kesho nyingine. Haiji yenyewe kama ninavyosikia inawajia watu wa miji mingine, eti wao hulala tu na wakiamka wanaikuta mlangoni. Nawaonea wivu, na pia nawahurumia. Zege likiwa bichi, jua linasimama kichwani kama taa iliyoning'inizwa. Likianza kukauka, jua linaanza kutembea. Na likikauka kabla halijafunika sakafu yote, basi hivyo hivyo: walio juu wameingia kesho, walio chini wamebaki jana, na jana ikishafungwa haifunguki hata kwa nyundo. Zege halilali, husema mafundi wa kwingine kwa utani. Kwetu ni sheria ya nchi.

Dada wa mwenzangu Stamili alibaki hivyo, sakafu tatu chini. Ukilaza sikio sakafuni unamsikia. Sauti yake haijazeeka. Anauliza kama maharage yameiva. Yaliiva, tulishayala. Stamili huinama kila tunapoanza kazi, humjibu, "Bado kidogo, dada," kisha huinuka, hupangusa magoti na kutafuta mtu wa kumcheka.

Jukwaa letu ni la miti ya mirunda, limefungwa kamba kutoka juu, kwa hiyo nalo ni mali ya kesho. Aliyesimama juu yake zege likikauka amekwisha kuvuka, apende asipende. Lina ngazi arobaini na moja na kila ngazi ina mtu wake. Mimi nilikuwa ya kumi na tisa. Chini yangu Stamili, mdomo mrefu, mikono mifupi. Juu yangu Lubeleje, mwanamume mkubwa mithili ya kabati, ambaye angeweza kupandisha karai kwa kidole kama angejua kuna mtu anamtazama. Juu kabisa Fundi Mkomwa na filimbi yake. Na chini kabisa, kwenye kivuli cha rundo la mchanga, amelala mwanangu Siwema, miezi minane, pamoja na watoto wengine wawili, wakiangaliwa na Bi Mkasi, ambaye mguu wake wa kulia uligoma kupanda ngazi tangu sakafu ya juzi. Watoto hawaruhusiwi jukwaani, na juu hakuna pa kuwaweka mpaka sakafu iwepo. Kwa hiyo elewa mahali nilipokuwa. Mimi nilikuwa nimesimama kesho. Mwanangu alikuwa amelala jana. Kilichotuunganisha ni zege bichi.

Utasema, si ungebaki naye chini. Ningebaki, tungekuwa wawili wa kuulizia maharage.

Jua likisimama sana, wakati huvuja. Nilitazama chini nikamwona Siwema ananyonya kidole gumba. Nikatazama tena nikamwona binti wa miaka kumi na mitano, amekaa palepale kwenye kanga ileile, anajisuka mwenyewe bila kioo, na mkao wa shingo yake ni wangu mtupu. Nikafumba macho, nikafumbua, akawa mtoto mchanga tena, mguu mmoja juu ya tumbo la mwenzake. Sikuogopa. Nilisema moyoni, wote hao ni wangu, na wote hao nataka wapande.

"Shika!" anasema Stamili.

"Nimeshika!" nasema mimi.

Hapo ndipo anaachia, si kabla. Hiyo ndiyo adabu ya mstari wetu, tunafunzwa hata kabla ya kufunzwa kunawa mikono: usiachie mpaka usikie neno la mwenzako. Na kwa kuwa mikono minne hukutana kwenye uzito mmoja, vitu huvuka. Karai likitoka kwa Stamili hunijia na harusi ambayo sikuhudhuria, harufu ya udi, mtu anacheka chumba cha pili. Nikilipeleka kwa Lubeleje huenda na chochote nilicho nacho. Siku ile nilikuwa na maziwa.

"Mama Siwema!" Lubeleje akapaza sauti, mstari mzima ukasikia. "Kifua kinaniuma! Kimejaa! Mwanao ana njaa bwana!"

"Pole, kaka Lubeleje," nikasema, nimeona haya mpaka masikioni.

"Si umnyonyeshe basi, kabati lote hilo," Stamili akadakia. "Utatuambia droo ipi ndiyo ya maziwa."

Ngazi arobaini na moja zikacheka. Jukwaa likatikisika, na hakuna karai lililomwagika hata tone. Nataka ujue kwamba tulikuwa wazuri. Anayesimulia kosa la kundi mara nyingi huanza kwa kuwapaka watu matope, ili kosa lionekane lilistahili kutokea. Sisi tulikuwa hodari, tulipendana kiasi cha kutosha, nyimbo tulikuwa nazo, na mtu akiumwa tulikuwa tunampelekea uji.

Hata Fundi Mkomwa hakuwa mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa kwamba kesho haitafika, na mwenye hofu hutafuta kitu cha kuhesabu. Sakafu mbili zilizopita alichukua msumari akaanza kuchora kwenye ubao wa ukingoni jina la kila mtu, na mbele ya jina alama moja kwa kila karai lililojaa lililopita mikononi mwake. Hakuhitaji hata kugeuka kutazama. Alisikiliza tu. Kila "Nimeshika!" aliijua sauti ya nani, akachora. Asiyeandikwa, alisema, ni kama hakuwepo. Watu wakaupenda ubao ule. Hata mimi niliupenda. Hujawahi wewe kuliona jina lako likiandikwa na mtu mwingine, kwa msumari, juu, mahali penye jua?

Lakini jukwaa lina pande mbili. Kulia hupanda makarai yaliyojaa. Kushoto hushuka makarai matupu. Zamani, nasema sakafu tano chini, hakuna aliyepangwa kushoto. Mtu alihamia mwenyewe: aliyechoka, mwenye mimba, au wale waliogombana asubuhi wasiotaka kupeana kitu kizito. Mtu mmoja alitosha ngazi tatu, kwa sababu karai tupu halina adabu, unalirusha tu, "Hilo!" na mwenzako analidaka. Wa kulia nao walijinyoosha kidogo kujaza pengo. Kushoto mtu alipata nafasi ya kukohoa, kutafuna muwa, kusema habari za mume wake. Ila kushoto hakuna "Nimeshika." Kwa hiyo kushoto hakuna alama. Mambo yakaanza polepole. Ukionekana kushoto unaulizwa, "Unaumwa?" Ukiulizwa hivyo mara tatu, unapona. Siku ninayoisimulia sote arobaini na mmoja tulikuwa kulia. Makarai matupu yalitupwa huko juu nyuma ya mgongo wa fundi, moja juu ya jingine, mlima. Jukwaa lilikuwa limeegemea kulia, na hakuna aliyeona kitu, maana tuliegemea wote pamoja tukadhani ni dunia iliyoinama.

Sijui ni saa ngapi makarai yalikwisha.

Ninachojua ni kwamba mwendo ulikuwa mzuri kuliko siku zote. "Shika!" "Nimeshika!" "Shika!" "Nimeshika!" Mikono ilikuwa miepesi. Sikusikia harusi ya mtu, sikusikia udi, maziwa yangu yalibaki kwangu. Kila kitu kilipita safi, bila kumbukumbu ya mtu yeyote, na mimi nikajisemea, ahaa, haya ndiyo maendeleo. Huko juu msumari haukupumzika. Mpaka Stamili aliponiambia, kwa sauti ya chini ambayo si yake:

"Shoga, umeshika nini?"

Nikatazama mikono yangu. Nilikuwa nimeshika hewa. Niliishika vizuri sana, vidole vimejikunja kufuata duara la karai, mabega yamekaza, na nilikuwa karibu kumpa Lubeleje.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mimi nimekupa hewa mara kumi. Ya kwanza nilidhani ni karai jepesi. Ya pili nikaona haya kusema."

Kutoka chini ikapanda sauti ya Bi Mkasi. "Nyie huko juu! Makarai yako wapi? Wachanganyaji wamesimama na machepe kama walinzi wa benki! Zege linaota ngozi kama uji!"

Hapo nikakiona kivuli cha mrunda. Tangu tulipoanza kilikuwa kimejificha chini ya mrunda wenyewe. Sasa kilikuwa kimechomoza, upana wa kidole.

Juu, pembe ya kaskazini ilikuwa bado wazi, ukubwa wa chumba cha kulala watoto wawili. Fundi Mkomwa naye alikiona kivuli, akafanya alichojua. Akapuliza filimbi. "Kazeni! Mnalegea! Kazeni!" Na tukakaza. Mungu anisamehe, hata mimi nilikaza, pumzi mbili au tatu, huku najua. Nimefikiri mara nyingi juu ya pumzi zile. Mtu anayetambua kwamba mikono yake haina kitu haachi mara moja. Kwanza hutazama jirani. Jirani naye anamtazama yeye. Kila mmoja anaona mwenzake anavyojituma, anaogopa kuwa wa kwanza kumvunja moyo. Hivyo huruma yetu wenyewe, ile ya uji wa wagonjwa, ndiyo iliyokuwa inapandisha hewa. Hilo sikulisoma popote.

Miguu yangu ilitaka kushuka. Ngazi kumi na nane, nimchukue mwanangu, nimkumbatie, tufungwe pamoja. Mama gani asiyewaza hivyo? Kivuli kikawa vidole viwili. Nikasema hapana. Simtaki kwa siku moja, namtaka kwa siku zake zote.

Nikavuka kwenda kushoto. Ni hatua moja tu, mbao mbili. Jukwaa likalia kama ng'ombe.

"Unaumwa?" akauliza Lubeleje.

"Sijambo kabisa, kaka. Nirushie makarai."

"Makarai gani?"

"Mlima mzima uko nyuma ya fundi. Waambie wa juu wakurushie, na wewe unirushie mimi."

Akatazama juu, kwenye ubao. Hata kutoka pale mtu aliweza kuona safu yake, ndefu kuliko zote, imefika ukingoni na kupinda. "Nina alama mia mbili na sita," akasema. Halafu, polepole, kama mtu anayevua shati mbele ya daktari: "Baba yangu hakuandikwa popote, Mama Siwema. Hata kwenye mlango wake. Niombe kitu kingine. Niombe nikubebe wewe na jukwaa."

"Kati ya hizo mia mbili na sita, ngapi ni hewa?"

Sikumwuliza kwa kejeli. Nilimwuliza kama ninavyomwuliza Siwema, wapi panauma. Akafungua viganja vyake akavitazama, vikubwa, vikavu. Vumbi lenyewe lilikuwa limeshavitoka.

"Mwache mtu na mali yake," Stamili akasema huku anavuka. "Tutamwandikia na kaburini, hapa amelala Lubeleje, alipandisha upepo. Sogea shoga, hata mimi naumwa."

"Wewe unaumwa nini?"

"Mdomo."

Mtu wa ngazi ya kumi na tano akacheka, akavuka. "Na mimi naumwa!" Wa kumi na mbili akashika tumbo. "Jamani, na mimi!" Wa tisa akadai jino, wa sita akadai anaumwa na mama mkwe. Utani ukashuka jukwaa lote mpaka chini, kila ngazi ya tatu mtu anahama akiutangaza ugonjwa wake, na hivyo hakuna aliyelazimika kuwa wa kwanza. Kushoto kukawa na mstari kutoka kwangu hadi kwenye mchanga. Tulikuwa mikono mingi mitupu iliyonyooshwa, tunamsubiri mtu mmoja.

Lubeleje akagusa kifua chake. "Bado kinaniuma," akasema. "Kinauma kweli." Akavuka, na wa juu yake nao wakaanza kuvuka, kila ngazi ya tatu mmoja.

Jukwaa likanyooka. Nililisikia likinyooka, kamba zikipumua, na kwa mara ya kwanza kwa sakafu mbili nikajua chini ni wapi.

Huko juu Fundi Mkomwa alikuwa amebaki na msumari hewani. Hakuna neno lililokuwa likimfikia. "Nani amewaruhusu kuacha?" akauliza.

"Tunaumwa, fundi!" tukajibu, watu arobaini na mmoja.

Akageuka kutukemea. Kugeuka ndiko kulikomwonyesha. Makarai yalikuwa yamerundikana nyuma yake kupita kimo chake, na muda wote yeye alikuwa amelipa mgongo rundo lile akitazama majina yetu. Alisimama. Kisha akaitia filimbi mfukoni, akashika karai moja kwa mikono miwili kama anashika sahani ya wageni.

"Ninarushaje?" akauliza.

"Kwa ukingo, fundi," Lubeleje akamwambia kwa upole. "Usilifikirie."

La kwanza liligonga mrunda likaenda zake. La pili likadakwa.

"Hilo!" "Hilo!" "Hilo!" Makarai yakashuka yakigongana. Chini machepe yakaanza kulia, ngozi ya zege ikavunjwa, maji yakaongezwa kidogo, na kulia likapanda karai la kwanza lenye uzito. Lilipopita karibu yangu watu walikuwa wanaguna kwa furaha. Harusi ikarudi. Udi ukarudi. Mtu wa ngazi ya ishirini na nne alianza kulia kwa sababu alikuwa amepokea kumbukumbu ya mama wa mtu mwingine na mama huyo alikuwa mpole. Nikiwa pale kushoto, nisiye na alama, nikadaka tupu na kurusha tupu, na jibu langu likanijia bila kupiga hodi. Kinachopanda kila mtu anakiona. Kinachoshuka ndicho kinachofanya cha pili kipande. Na ule uzito wa mikono minne si wa mtu, hauandikiki. Ukijaribu kuuandikia jina, mmoja wao atakuwa ameshaachia.

Pembe ya kaskazini ilikosa ubao wa kuzuia zege lisimwagike. Fundi Mkomwa akatazama huku na huku. Akaung'oa ubao wa majina, akaugeuza upande wenye maandishi uelekee ndani, akaupigilia. Lubeleje aliona. Alisema tu, "Ongeza msumari mmoja hapo chini, fundi."

"Imefunga!" fundi akapiga kelele karai la mwisho lilipomiminwa. "Imefunga yote!"

Siku nyingine hapo tungeshuka taratibu, tukawachukua watoto, tukapanda tukiimba. Lakini muda wa kushuka tulikuwa tumeutumia kupeana hewa. Jua lilikuwa limeshaondoka kichwani, linatembea. Nikatazama chini nikaona rundo la mchanga limepauka, kama picha iliyokaa dirishani miaka mingi. Bi Mkasi alikuwa anapunga mkono. Midomo yake ilicheza, na sauti ikaja nyuma, imechelewa.

"Hivi," akauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo, "kuna aliyeangalia maharage?"

Stamili alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia tena.

Kila mwenye miguu alitaka kushuka. Jukwaa lina upana wa mbao nne. Watu arobaini wakishuka pamoja, hakuna atakayefika, na hakuna atakayepanda. Mimi ndiye niliyekuwa na mtoto kule. Kwa hiyo ilinibidi mimi ndiye niseme, la sivyo asingesikilizwa mtu.

"Msishuke! Kila mtu ngazi yake! Wachanganyaji, tupeni watoto! Mkononi kwa mkono!"

"Mama Siwema, mwanao..." akaanza Lubeleje.

"Najua yuko wapi. Kaa kwenye ngazi yako, kaka."

Mchanganyaji akamwinua mtoto wa kwanza, si wangu. "Shika!" "Nimeshika!" Akapanda ngazi kwa ngazi, akafika kwangu, kichwa kinanuka jasho na maziwa, nikampeleka. Wa pili, si wangu. Alikuwa ameniwekea kidole puani, nikamtoa taratibu, nikampeleka. Rangi ilikuwa inazidi kutoka huko chini. Wa tatu alikuwa amelala mbali kidogo, na mchanganyaji alipomwinua niliona mikono yake ikipenya kwanza, kama inashika moshi, kisha ikashika. Siwema akaanza kupanda. Kila aliyempokea alimtazama kwa namna yake. Kwa mmoja alikuwa mtoto mchanga, kwa mwingine nikaona miguu mirefu ya binti ikining'inia, kwa mwingine bibi mwenye mvi aliyekunja kanga yake vizuri. Stamili alipomshika alimwita kwa jina la dada yake, akambusu utosini.

"Shika," akaniambia.

Mikono yetu minne ilikuwa juu ya mwanangu na sauti haikutoka.

"Shoga, sema. Siachii mpaka useme."

"Nimeshika."

Alikuwa na joto. Alikuwa mzito kuliko karai lolote, amekusanya kitu kwa kila mtu aliyempitia. Akanitambua, akazishika nywele za kisogo changu kwa ngumi, kama afanyavyo. Nyuma yake alikuwa anakuja Bi Mkasi, na nyuma ya Bi Mkasi wachanganyaji sita, na wote wangepita kwenye mikono yangu au wasipite. Ningebaki naye, mstari ungeishia kwangu. Ninajua idadi ya vidole vya ngumi ile. Nilivifungua kimoja kimoja.

"Shika, kaka."

"Nimeshika," Lubeleje akasema. Nikaachia.

Nikageuka, mikono wazi. "Bi Mkasi, njoo!"

"Mimi si karai!" Bi Mkasi alikuwa anapanda kifuani kwa watu, kilemba upande, rangi inamrudia kidogo kidogo kuanzia pua. "Niwekeni! Nina mguu mbovu, sina mwili mbovu!"

"Tulia, bibi," Stamili akamwambia, analia na kucheka. "Karai huwa halina mdomo."

Akapita. Wachanganyaji wakapita, kisha wa ngazi ya kwanza akapanda, wa pili akapanda, mstari ukajikunja kutoka chini kama mkeka, na kila aliyeondoka aliiacha ngazi yake ikiwa nyeupe, haina kitu. Nilipoliachia jukwaa na kukanyaga mbao za juu, jana ilifungwa. Haikupiga kelele. Palibaki sakafu tu, ya kijivu, yenye unyevu.

Watu walikuwa wengi na wote wamenyoosha mikono, hawajui kuikunja. Nikapita katikati yao nikitafuta. Nani anaye? Sikuuliza kwa hofu. Nilijua yuko mikononi, sikujua ya nani. Nikamkuta ukingoni kabisa, pembe ya kaskazini, kwa Fundi Mkomwa, mtu wa mwisho wa mstari. Alikuwa amemshika Siwema mbele yake kwa mikono miwili iliyonyooka, mbali na kifua. Jasho lilimtiririka kwenye nyusi, na mabega yalimtetemeka kwa uzito wa mtoto wa miezi minane.

"Fundi, si ungekaa naye chini?"

"Hakuna aliyeniambia ameshika," akasema.

Nikaweka mikono yangu chini ya yake.

"Nimeshika, fundi."

Akatazama usoni mwangu kuhakikisha, kisha akaachia. Siwema akapiga kelele ya njaa, ile kelele yake ya kumfokea mtu mzima. Nikakaa juu ya ubao ule wa majina, nikafungua vifungo, na watu wote wale, Bi Mkasi na Stamili na Lubeleje na fundi, wakageuka mmoja baada ya mwingine wakanipa migongo, wakasimama hivyo, wamenizunguka, wakitazama nje, mpaka alipomaliza kunyonya.